Chora Mabaki Kwanza

Mjukuu wangu, sogeza kigoda karibu, macho yangu hayakioni vizuri hicho kioo. Umetoka chuo umeshuka Bukene, hata maji ya kunywa hujaomba, unanionyesha nyota tatu za umuhimu wa kitakwimu pembeni mwa namba. Umezifurahia kama mtoto aliyeokota noti. Sitaki kukuvunja moyo. Kaa tu nikwambie.

Hiyo programu ya gretl uliyoipata bure ni mtumwa mtiifu. Unaipa safu ya mvua na safu ya magunia, yenyewe inatafuta mstari ambao mapengo kati yake na nukta zako, ukiyapiga mraba na kuyajumlisha, yanakuwa madogo kuliko ya mstari mwingine wowote. Kazi yake inaishia hapo. Haiulizi mvua ilipimwaje. Mimi najua, maana nimesoma kipima mvua hapa miaka mingi: saa tatu asubuhi unamimina maji kwenye bomba la glasi, unaandika milimita. Mara moja nilikwenda msibani Nzega, niliporudi nikakuta maji ya siku tatu yamekusanyika. Nikayagawa kwa tatu. Daftari likapendeza, ila mvua haikunyesha hivyo. Programu yako ingeimeza safu ile bila kukohoa, na huenda ingekupa na nyota.

Halafu mstari wenyewe. Unasema kila milimita ikiongezeka, mavuno yanapanda kwa kiasi kilekile. Mkulima gani wa hapa atakubali? Mvua ikikosa, karanga za mwinukoni zinanyauka. Ikizidi, majaruba ya mbugani yanabomoka na mpunga unazama. Kwa hiyo chora mabaki, yaani kile ambacho mstari umeshindwa kukieleza, uyapange kufuata mvua. Umeona? Nukta za kushoto na za kulia zimelala chini, za katikati zimeinuka. Upinde huo. Ongeza mvua ya mraba kwenye mlinganyo, au tumia kigeu cha sifuri na moja.

Edward Miguel, mchumi wa Marekani, alitumia kigeu cha namna hiyo kwa takwimu za vijiji vya Meatu, Usukumani, kwa watani zetu. Makala yake ilitoka 2005, inahusu mauaji ya watu walioitwa wachawi. Mwaka wa ukame au wa mafuriko ulipewa moja, mwingine sifuri. Katika miaka ya moja, mauaji hayo yalikuwa kama mara mbili. Kisha akajaribu na mauaji ya aina nyingine, nayo hayakupanda. Kwa jaribio hilo la pili nilimvulia kofia, maana bila hilo ungesema tu kwamba mwaka wa njaa watu hugombana zaidi.

Wengi wa waliouawa walikuwa bibi vizee, mara nyingi kwa mikono ya ndugu zao. Wewe unajua mambo ya macho mekundu huku kwetu: mwanamke anapika kwa kuni miaka hamsini, moshi unamgeuza macho, halafu macho hayohayo ndiyo yanakuwa ushahidi. Kwenye mashine yako huyo ni namba moja tu, amekaa chini ya herufi y.

Umeme umekatika tena, na betri naona imekuwa nyekundu. Funga. Bibi yako yuko uani anabangua karanga. Kamuulize ni miaka ipi majaruba yalizama, umsaidie kubangua, na uandike anachosema hata kama hakilingani na daftari langu.