Kitunguu Kisicholiwa

Je, mwenye njaa ana haki ya kupanda kitu kisicholiwa? Swali hili nililijibu haraka sana, tena kwa jembe. Sasa nalirudia polepole.

Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi hapa kambini Dzaleka. Mama mmoja jirani yetu alirudi na watoto watatu, godoro moja, na soksi iliyojaa vitunguu vidogo. Watoto wa mtaani wakafurahi, kumbe si vya mboga. Ni vitunguu vya maua yanayoitwa frizia, asili yake Afrika Kusini. Alivifukua kwenye bustani yake kule Lilongwe.

Aprili iliyofuata, mvua zikiisha, alivipanda kando ya mlango, ncha juu, kina cha vidole vitatu, akawa anavimwagia maji ya kunawia. Baridi ya Juni na Julai inatutesa sisi, lakini maua haya yanaipenda. Agosti yakachanua, ya njano na meupe, yananukia mpaka njiani.

Mimi nafanya kazi na vijana. Tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba na mbegu za mchicha. Maua yalipokauka nikaona majani yanakaa bure tu. Mama alikuwa kwenye foleni ya msaada. Nikayakwatua yote, tukamwaga mchicha juu yake. Nilijiona nimetenda wema.

Aliporudi alisimama kimya. Halafu akasema, "Mwanangu, si ungeniuliza?" Akanieleza: frizia ikishachanua, kitunguu cha zamani hunyauka, na kipya hujijenga juu yake kwa nguvu ya majani yale yale. Ukiyakata yakiwa mabichi, umekata maua ya mwakani. Na kweli, mwaka uliofuata yalitoka majani membamba tu, bila hata ua moja.

Wenzangu wananitetea: watoto walihitaji mboga. Ni kweli, na ule mchicha waliula. Lakini mahali penyewe palikuwa na ukubwa wa sinia. Tungeweza kupanda kwenye gunia, upande wa pili wa mlango. Sikufikiria. Niliona njaa yake, nikadhani imenipa mimi ruhusa ya kuamua. Na si ndicho tunacholalamikia kila siku? Tunapangiwa pa kuishi, tunapangiwa siku ya foleni. Mimi mlalamikaji mkubwa nilipopata jembe mkononi nikafanya vilevile.

Sisemi ua ni sawa na chakula. Mtoto akilia njaa, ua halimnyamazishi. Nasema uhitaji wa mtu haumnyang'anyi neno lake juu ya kipande chake cha udongo. Labda ataamua vibaya. Basi kazi yangu ni kumshauri akiwepo, si kungoja aende foleni.

Aprili hii nilipiga hodi, nikauliza. Akanionyesha: mchicha huku, frizia pale. Majani yameshatoka. Kuhusu kunisamehe hajasema kitu. Nangoja Agosti, kama yeye.