Jua Likisha Kuchomoza: Mkristo na Mwizi Aliyeingia Nyumbani

Somo: Kutoka 22:2-3, Nehemia 4:9 na 7:3



Washirika huniuliza maswali mawili kuhusu wezi. La kwanza huulizwa kwa sauti, hata mbele ya watu: "Mzee, kama Bwana ndiye mlinzi wangu, ya nini kufuli tatu mlangoni? Si huko ni kukosa imani?" La pili huulizwa kando, baada ya ibada: "Na nikimkuta ndani, nimfanye nini?" La kwanza ni jepesi. La pili linaweza kukupeleka jela, na hata usipofika jela, litakusimamisha mbele za Mungu.

Tuanze na lile jepesi. Maadui walipotishia Yerusalemu, Nehemia aliomba, kisha akaweka walinzi usiku na mchana. Hakuchagua moja akaacha lingine. Ukuta ulipokwisha, aliagiza malango yasifunguliwe mpaka jua liwe kali, na watu walinde zamu, kila mmoja akiielekea nyumba yake. Huyo alikuwa mtu wa maombi, lakini komeo alilijua. Na Zaburi ya 127 haisemi mlinzi afutwe kazi. Inasema kukesha kwake ni bure kama Bwana haulindi mji. Kwa hivyo funga mlango, mpendwa. Imani haipimwi kwa kuacha geti wazi. Ila ukishafunga, ulale. Mtu mwenye kufuli tatu ambaye bado hapati usingizi, shida yake si ya fundi wa milango tena.

Sasa tuje kwa lile zito. Kutoka 22 inasema mwizi akikutwa akivunja nyumba, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Wengi wetu tunasoma hadi hapo tu, tunafunga Biblia, tunatafuta panga. Lakini mstari unaofuata unasema kama jua limekwisha kuchomoza, basi iko hatia ya damu. Huyo mwizi anatakiwa kulipa alichoiba.

Kwani jua linabadilisha nini? Mwizi ni yule yule, na mali ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa unaona. Gizani hujui kama amekuja kuchukua televisheni au kuchukua uhai wa mtoto wako. Hujui ana kisu au ana mikono mitupu. Uko peke yako, na lazima uamue kwa pumzi moja. Mchana unamwona uso, majirani wako macho, na kuna njia nyingine za kumshika. Mungu anayejua hofu ya mwenye nyumba anamjali pia yule mwizi.

Hata sheria ya Kenya inajua tofauti ya usiku na mchana. Katika Kanuni ya Adhabu, kuvunja nyumba mchana kwa nia ya kutenda uhalifu kunaweza kumletea mtu kifungo cha hadi miaka 7. Usiku, hadi miaka 10. Unaruhusiwa kujilinda, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari iliyo mbele yako. Unaruhusiwa kumkamata mwizi hata kama wewe si askari, lakini umkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Hakuna mahali panaposema umchome.

Na mimi naamini hilo jua la Kutoka halitokei angani peke yake. Mwizi akishafungwa kamba, na tochi ishirini zimemmulika, hata kama ni saa nane usiku, jua limeshachomoza. Unamwona. Hatari imeisha. Kofi la kujilinda na kofi la hasira yanaweza kutoka mkono mmoja, lakini mbele za Mungu si kitu kimoja.

Nililiona jambo hili katika ploti tunayokaa. Kijana alishikwa alfajiri na mtungi wa gesi wa kilo sita, na mtungi ulikuwa wangu. Kufikia nilipotoka nje alikuwa ameshafungwa, na mtu alikuwa ameshatoa petroli kwa pikipiki. Mama mmoja jirani, wala si mshirika wetu, akajisukuma mpaka katikati na leso yake, akauliza, "Huo mtungi ni pesa ngapi?" Hakuna aliyejibu. Akauliza tena. Ukitaja bei ya mtungi huku unamtazama mtoto wa mtu machoni, mkono unalegea wenyewe. Tulimpeleka kituoni, nami nikaandikisha taarifa.

Najua utaniambia, "Mzee, huyo kesho ataachiliwa." Mara nyingine huwa hivyo, na inauma. Lakini tuseme ukweli: kesi ngapi zimeanguka kwa sababu siku ya kusikizwa shahidi hakuonekana? Usiku tunapiga kelele mtaa mzima, mahakamani hatuendi. Na tena, umati haumwulizi mtu maswali. Wako waliouawa kwa kuitiwa mwizi, kumbe ni wageni waliopotea njia. Korti ikikosea, kuna rufaa. Tairi likishawaka, hakuna rufaa.

Kuna jambo moja zaidi, na hili litatuchoma sisi wenyewe. Mwizi haibi simu kumi ili azipige zote. Anaiba kwa sababu ana mteja. Ile simu ya elfu mbili bila risiti, ile televisheni ya bei ya kutupa, unadhani ilitoka wapi? Sheria inaweza kumfunga anayepokea mali ya wizi hadi miaka 14, yaani zaidi ya aliyevunja nyumba usiku. Hatuwezi kuomba Jumapili Mungu azuie wezi, halafu Jumatatu tuwalipe mshahara.

Basi wiki hii tufanye haya. Ukienda kesha, mwachie jirani habari, na usiitangaze safari yako kwenye simu. Ukiweka grili dirishani, ufunguo wake ukae mahali kila mtu wa nyumba anapajua, maana moto nao huja usiku. Mlinzi wa ploti alipwe kwa wakati, na apate kabuti na chai. Yeye pia ana nyumba ambayo usiku huo haina mwanamume. Na ujue majina ya majirani zako, ili ukipiga kamsa waje.

Zaidi ya yote, uamue sasa, ukiwa umetulia, utafanya nini siku hiyo. Usingoje kuamua ukiwa katikati ya umati. Paulo aliwaandikia Waefeso kwamba aliyeiba asiibe tena, bali afanye kazi kwa mikono yake apate cha kumgawia mhitaji. Maiti haiwezi kutii andiko hilo.

Bwana alinde malango yetu, na ailinde mikono yetu pia. Amina.