Tupange, Tununue, au Tungoje?

Masomo: Mwanzo 23, Yeremia 32:6-15, Matendo 28:30



Tukizunguka kwenye maombi ya nyumba kwa nyumba, familia nyingi zinatuuliza jambo moja: tupange, tununue, au tungoje kurudi? Watoto waliobebwa mgongoni kuvuka Busia na Malaba mapema mwaka 2008, baada ya vita vya uchaguzi, sasa wanaoa na kuolewa, na bibi arusi anahitaji mlango wa kuingilia. Wengi wetu tulitoka Molo ya Nakuru. Tulipopokewa Mulanda, wilaya ya Tororo, tukasikia kwamba huku nako kuna Molo. Tulicheka, ingawa kucheka kulikuwa adimu siku zile.

Wako ndugu wanaoona kwamba kulipia nyumba ugenini ni kukata tamaa ya nyumbani. Hatukubaliani nao. Yeremia alikuwa amefungwa katika uwanja wa walinzi, Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli, ndipo binamu yake Hanameli alipomjia akitaka kumuuzia shamba la Anathothi. Kwa macho ya kibinadamu ardhi ile haikuwa na bei tena. Yeremia akainunua kwa shekeli 17 za fedha, kwa sababu Mungu alikuwa amesema nchi ile itakaliwa tena.

Lakini tazameni jinsi alivyonunua! Nabii hakusema, "Huyu ni ndugu yangu, karatasi za nini?" Fedha ilipimwa kwenye mizani. Hati iliandikwa, ikatiwa muhuri mbele ya mashahidi, tena nakala mbili, moja imefungwa na moja wazi. Zote akampa Baruku aziweke katika chombo cha udongo zipate kudumu. Naye Abrahamu alipofiwa na Sara alikataa kupewa kaburi bure na Efroni, akalipa shekeli 400 langoni mwa mji mbele ya watu wote, na mapatano yakataja shamba, pango, hata miti iliyokuwa mpakani. Alikuwa mgeni, na mgeni akipewa kwa mdomo hunyang'anywa kwa mdomo.

Kwa hiyo, mpendwa, jua kwanza unauziwa nini. Ploti tuliyogawiwa ndani ya makazi ya wakimbizi ni ya kutumia, si ya kuuza. Anayekuuzia ploti hiyo, hata kama mnaimba kwaya moja, anakuuzia kitu ambacho si chake, na pesa ikishaondoka utabaki na wimbo. Nje ya makazi, Sheria ya Ardhi ya Uganda ya 1998 inamruhusu asiye raia kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, si kuimiliki moja kwa moja. Ardhi ambayo familia ya muuzaji inaishi juu yake haiwezi kuuzwa bila kibali cha mwenzi wake wa ndoa. Basi mama wa boma asipoonekana siku ya mapatano, rudini na pesa yenu. Zungukeni mipaka pamoja na majirani, na mwenyekiti wa LC1 awepo.

Anayerudi Kenya kununua shamba la kulima atafute kwanza rekodi ya hati katika ofisi ya ardhi, kisha kibali cha bodi ya ardhi ya eneo hilo. Nakala tu ya hati mkononi mwa wakala haitoshi.

Na pesa itoke wapi? Wenzetu waliobaki Kenya walipopewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha mwaka 2008, ziligharimu hema na unga tu kwa aliyekaa peke yake. Lakini wako waliochanga pamoja, na pale Maai Mahiu wakanunua ardhi na kuanzisha kijiji cha Jikaze. Vikundi vyetu vya akiba, vyenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, vinaweza kufika huko polepole. Mabati mwaka huu, matofali mwaka ujao. Msiweke kadi ya chakula rehani kwa ajili ya mabati. Watoto hawali mabati.

Kwa wanaopanga tuna neno fupi. Mtume Paulo alikaa Rumi miaka miwili mizima katika nyumba aliyoikodi mwenyewe, akiwapokea wote waliomjia. Hakuna aibu katika kupanga. Dai risiti ya kila mwezi, na mkubaliane kwa maandishi nani atatengeneza paa likivuja na notisi ya kuhama ni ya muda gani. Kijana asiharakishe kununua ili tu asichekwe na wakwe.

Jumapili hii baada ya ibada, wazee wa kanisa watakaa chini ya mti pamoja na ndugu anayejua kusoma mikataba. Mwenye mkataba wa ploti au wa nyumba aulete kabla hajatoa pesa. Waliooana waje wote wawili, mume na mke.