Kuondoa na Kuficha: Tohara ya Maji ya Bwawa Lenye Klorini

Swali la kama maji ya bwawa la kuogelea la nyumbani, yanayotiwa klorini kila siku, yanafaa kwa udhu na kwa kuoga janaba huonekana jepesi na mara nyingi hujibiwa kwa sentensi moja, lakini ndani yake mna swali zito zaidi, nalo ni kama kile kinachotiwa majini ili kuyasafisha huuondoa uchafu au huuficha tu. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, kinachotohirisha ni maji mutlaki, yaani maji yanayostahili kuitwa maji bila ya nyongeza, tofauti na marashi au chai. Na kitu safi kikichanganyika nayo huyaondolea uwezo huo pale tu kinapoyabadilisha kiasi cha kuyanyang'anya jina hilo. Kwa kigezo hiki klorini haina tatizo, kwa kuwa bwawa la mita 10 kwa 5 lenye kina cha wastani cha mita 1.5 lina lita 75,000, na miligramu 2 za klorini katika kila lita ni gramu 150 tu katika bwawa zima. Wazee wa Lamu walifuga samaki wadogo katika mabirika ya nyumba zao ili wale viluwiluwi vya mbu, na utunzaji huo nao haukuyatoa maji katika hukumu yake.

Uzito wa suala uko kwenye najisi. Maji yakifikia kulatain, kipimo ambacho wengi leo hukikadiria kuwa karibu lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka rangi, ladha au harufu yake ibadilike, ingawa kwa Mashafi badiliko dogo tu la namna hiyo linatosha. Bwawa huzidi kipimo hicho mara mamia. Lakini waogeleaji, hasa watoto, hukojoa majini, na hapo kemia huleta jambo ambalo fakihi hawezi kulipuuza. Klorini ikikutana na misombo ya naitrojeni iliyomo katika mkojo na jasho huunda kloramini, na hizo ndizo zenye ile harufu kali inayoandamana na kuwasha kwa macho, ambayo wengi huidhania kuwa dalili ya usafi, ilhali ni dalili kwamba sehemu ya klorini imekwisha kutumika. Je, harufu hiyo ihesabiwe kuwa ya dawa au ya najisi? Jibu lililo karibu zaidi na usawa ni kwamba si harufu ya mkojo wenyewe bali ya kitu kipya, ambacho jasho, lililo tohara, hukizalisha vilevile, na kwa hiyo asiyejua chanzo chake hurudi kwenye kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka.

Jibu hilo linamtosha anayetaka kuoga; halimtoshi mwenye bwawa. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj at-Talibin kwamba maji mengi yaliyobadilishwa na najisi hurudi kuwa tohara badiliko likiondoka lenyewe au kwa kuongezwa maji, lakini si kwa kutiwa miski wala zafarani, kwa sababu harufu nzuri huenda imeisitiri mbaya bila ya kuiondoa. Kwa upande mwingine, mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lilikubali kwamba maji ya mitaro yaliyosafishwa kitaalamu, mpaka pasibaki athari yoyote ya najisi katika ladha, rangi wala harufu, huwa tohara. Klorini huua vijidudu na kuvunjavunja uchafu, kwa hiyo kimaana iko upande wa kuondoa, ila kwa sharti moja ambalo watu husahau: iwe bado ina nguvu ya kufanya kazi.

Hapa ndipo inapoingia asidi ya sianuri, ambayo mafundi huiita stabilaiza. Miale ya jua ya urujuanimno huivunja klorini kwa kasi, hata bwawa la wazi lisilo na kinga hupoteza sehemu kubwa ya klorini yake kwa saa chache za mchana. Stabilaiza huishika klorini, huikinga na jua na kuiachia kidogo kidogo. Kiasi cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita hutosha. Kikizidi sana, klorini iliyoshikwa huwa nyingi na iliyo huru kuua vijidudu hupungua, ingawa kipimo cha kawaida huendelea kuonyesha tarakimu ileile, kwa kuwa huzihesabu zote pamoja. Vidonge vya trikloro, vinavyopendwa kwa wepesi wake, hubeba stabilaiza ndani yake: bwawa linalotumia miligramu 2 za klorini kwa lita kila siku kutokana na vidonge hivyo huongezewa takriban miligramu 36 za stabilaiza kwa siku 30, nayo, tofauti na klorini, haivunjwi na jua wala haikauki pamoja na maji.

Kuipima hutaka uangalifu. Maji ya bwawa huchanganywa na dawa yenye melamini mpaka yawe na ukungu mweupe, kisha humiminwa taratibu katika kibomba chenye nukta nyeusi kitakoni, na mpimaji, akitazama kutoka juu, husoma alama ya pembeni pale nukta inapotoweka. Mwenye bwawa asiyefanya hivyo hutegemea tarakimu ya klorini peke yake na kuwaingiza watoto wa jirani katika maji ambayo huenda hayana kinga ya kutosha. Na kwa kuwa sheria humtaka mtu asiwadhuru wengine, kupima si hiari yake bali ni amana. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani hupendekeza angalau miligramu 1 ya klorini kwa lita bila ya stabilaiza, na angalau 2 inapokuwepo.

Stabilaiza ikishazidi, njia ya kawaida ni kumwaga sehemu ya maji na kutia mapya, na theluthi moja ya bwawa lililotajwa ni lita 25,000, israfu isiyopendeza popote, sembuse katika mitaa ambayo maji hununuliwa kwa madumu. Ni bora kutia stabilaiza kwa kipimo mwanzoni, kisha kuendelea na klorini isiyobeba stabilaiza, kama vile ya maji au ya kalisi haipokloraiti, na kuipima stabilaiza tena kila mwezi.