Kuwapandia Wanyama wa Mwitu: Ni Sadaka au Ni Dhara?

Ndugu mmoja katika wanaohudhuria darsa hapa Eldoret ana shamba upande wa msitu wa Kaptagat. Robo ekari yake, iliyo katika bonde lenye unyevu, ameipanda viazi vitamu, wala si kwa ajili ya nyumba yake, bali ili paa na mbawala watokao msituni wapate matembele katika miezi ya kiangazi, Desemba hata Machi, wakati majani mengine yamekauka. Jirani yake amemlaumu kwa maneno mawili: kwamba ni israfu kulisha wanyama na hali wako watu wenye njaa, na kwamba wanyama wakilizoea bonde lake watayazoea na mahindi ya wenzake. Wote wawili wametuletea shauri, nasi tumeona tuliandike, kwani ndugu zetu wa pwani, japo hawana mbawala mlangoni, hawakosi mambo yanayofanana na hili.

Asili ya mlango huu yajulikana. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti au mbegu, kisha akala humo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Lakini wengi wetu twaisoma kama maneno ya kumliwaza mkulima aliyeliwa na tumbili usiku, akaamka asubuhi akiguna. Je, yule aliyekusudia kuliwa? Twaona huyu ndiye mwenye haki zaidi ya kutumaini thawabu, maana amali hupimwa kwa nia. (Kiko kisa kinachosambazwa sana, cha Khalifa Umar bin Abdulaziz na ngano iliyomwagwa milimani ili ndege wasife njaa. Sisi hatukitumii, hadithi sahihi zatutosha.)

Na tuangalie khabari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Kosa lake halikuwa kumnyima chakula peke yake. Alimfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie vya ardhini. Lau angalimwacha huru, asingalikuwa na lawama ile. Mafakihi nao wamesema kuwa chakula cha mnyama ni wajibu juu ya mwenye kummiliki, na Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi katika karne ya 7 ya Hijra, amehesabu haki za mnyama juu ya mtu hata akiwa mzee au mgonjwa asiyetarajiwa faida. Wa mwitu hana mwenyewe, basi hana wa kumdai. Hayo ni kweli. Lakini tukizungushia seng'enge kila bonde na kila chemchemi, tukamwachia kipande cha msitu kilichokauka, je, twaweza kusema tumemwacha ajitafutie?

Mfano uko karibu nasi. Huko Soy, katika njia ya Kitale, palikuwa na shamba la ekari 18,000, na ndani yake wakiishi twiga wa aina iitwayo ya Rothschild. Katika miaka ya 1970 ardhi ile ikakatwa vipande vipande kwa wakulima wadogo, na twiga wakawa hawana pa kwenda. Mwaka 1974 Jock na Betty Leslie-Melville wakamchukua mmoja mchanga, aliyeitwa Daisy, wakamlea Langata, Nairobi. Na wengine wakahamishiwa mbuga kama ile ya Nakuru. Wala hatusemi kuwa kugawa ardhi kulikuwa kosa. Wananchi walikuwa na haki ya ardhi. Twasema tu kwamba haki ya mtu ilipotimizwa, mnyama ndiye aliyelipa.

Hata hivyo kiyasi hiki hakifiki kuwa wajibu juu ya kila mkulima, kwa kuwa hapana mmoja aliyemfungia mnyama huyu peke yake. Chafika kwenye kupendeza tu, na hapo twakiacha.

Huko Marekani nao wako watu wanaopanda vijishamba vya namna hii kwa ajili ya ayala, paa wakubwa wenye pembe za matawi. Baridi inapokwisha ayala hutoka wamekonda, majike wana mimba, na madume huanza kuotesha pembe mpya badala ya zile zilizoanguka. Lakini wengi katika wapandaji hao ni wawindaji, na wakionacho mbele ni nyama na pembe za msimu ujao. Wengine hulaumu: vipi umlishe kisha umuue? Sisi hatuyashiki maneno hayo, kwani mbuzi wetu nao twawalisha kisha twawachinja. Aliyepanda chambo na akasema amepanda chambo, amesema kweli. Ubaya ni kukiita chambo sadaka. Na kwetu Kenya, ambapo uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, mwenye kupanda majani akaficha tanzi ndani yake amejumlisha hila na kuvunja sheria.

Turudi kwa jirani. Neno lake la kwanza lina jawabu nyepesi. Mazao yakifika nisabu, ambayo ni karibu kilo 653, yaani magunia 7 ya kilo 90 na zaidi kidogo, haki ya maskini ni sehemu moja katika kumi kwa shamba la mvua. Tulimwuliza ndugu yetu, akasema ameitoa. Aliyekwisha kutoa fungu la maskini hashikwi koo kwa robo ekari. Lau hakuitoa, tungalimwambia ang'oe viazi vile awape watu.

Neno la pili ndilo zito. Dhara haiondolewi kwa dhara, na sadaka ya mtu haitolewi katika mali ya mwenziwe. Paa hajui mpaka, na tumbili ndiye asiyejua kabisa. Anayelisha paka kwa vichwa vya samaki katika kichochoro cha Mombasa, akamwachia jirani uvundo, amefanya jambo hili hili.

Basi tumemwambia ndugu yetu akihamishe kijishamba kwenye ukingo wa msitu, mbali na mpaka wa jirani, na kabla ya mahindi kupandwa mwezi wa Aprili waende wote wawili wakatazame nyayo. Zikionekana zimevuka, asipande tena. Jirani ameridhika na sharti hilo. Ndugu yetu amelikubali kwa uzito, na uzito wake hatumlaumu. Wallahu aalam.