Subira Siyo Kuacha Haki Ikaliwa

 

Ndugu zetu Waislamu, kuna neno limezoeleka katika miji yetu ya pwani, nalo latukosesha mengi. Mtu akidhulumiwa na aliye na nguvu kuliko yeye husema, "Namwachia Mungu," kisha huketi. Akiulizwa mbona hakwenda kuidai haki yake, hujibu kuwa yeye ni mtu wa subira. Leo twataka kulitazama neno hili kwa jambo dogo la kila siku, yaani simu ya mkononi.

Yuko mama mmoja mjane katika mtaa wetu, auzaye mahamri na mbaazi kila asubuhi. Simu yake ndiyo duka lake. Wateja humwagizia kwayo na humlipa kwayo. Kwa muda wa miezi mitatu, kila atiapo salio la shilingi 20 huona zimepungua kabla hajampigia mtu yeyote. Alidhani ni yeye asiyejua kuhesabu. Hatimaye kijana mmoja wa darasa letu aliitazama simu ile, akaona nambari yake imeandikishwa katika huduma mbili za ujumbe, moja ya nyimbo na moja ya utabiri wa nyota, na kila moja humkata shilingi 5 kwa siku. Naye ni mama ambaye hajapata kukanyaga mlango wa mpiga bao hata siku moja!

Watu walimwambia, "Shilingi 10 ni kitu gani? Wachana nazo." Lakini shilingi 10 kwa siku ni 300 kwa mwezi, na ni 3,650 kwa mwaka. Na haba na haba hujaza kibaba: lau watu laki moja watakatwa hivyo, aliyekata hupata shilingi milioni moja kila siku. Dhulma ya namna hii huishi kwa sababu kila mmoja huiona sehemu yake kuwa ni ndogo, akanyamaza.

Mwenyezi Mungu katika Surat An-Nisaa ametukataza kuliana mali zetu kwa batili, akahalalisha biashara iliyo kwa ridhaa baina yetu. Basi ni wapi ridhaa ya mtu aliyeuzwa kitu asichokitaka, wala asijue kuwa ameuzwa?

Na tukumbuke yaliyotokea Makka kabla ya Utume. Mtu mmoja kutoka Yemen alimwuzia bidhaa Al-As bin Wail, mkubwa katika Makureshi. Yule akaitwaa bidhaa na thamani yake akaizuia. Mgeni yule hakuwa na jamaa wala mlinzi, lakini hakunyamaza. Alipanda jabali la Abu Qubays, akapaza sauti yake kwa watu walioko Al-Kaaba. Ndipo baadhi ya koo za Makureshi zilipokusanyika nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, wakaapa kusimama pamoja na kila mwenye kudhulumiwa mpaka arudishiwe haki yake. Ahadi hiyo ndiyo Hilful Fudhul. Mtume wetu (S.A.W.) aliihudhuria akiwa kijana, na baada ya kupewa Utume aliendelea kuisifu. Lau kudai mali yako ni upungufu wa subira, asingeliisifu.

Sisi leo hatuna haja ya kupanda jabali. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chatupa haki ya kupata huduma iliyo nzuri, kuelezwa habari zake, na kulipwa tukitiwa khasarani. Sheria ya kuwalinda wanunuzi ya mwaka 2012 nayo haimlazimishi mtu kulipia asichokiagiza.

Njia yenyewe ni hii. Kwanza, andika: siku gani, saa ngapi, kiasi gani kimekatwa, wala usiufute ujumbe wowote, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Pili, ipelekee kampuni yenyewe malalamiko yako, na usiondoke bila ya nambari ya malalamiko hayo. Tatu, wasipokuridhisha, yapeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, pamoja na uliyowaandikia na waliyokujibu. Nne, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, isikilizayo madai yasiyopita shilingi milioni moja, na mtu aweza kujisemea mwenyewe bila ya wakili. Wako wanaokwenda kwa Kadhi kwa mambo haya. Kadhi kwa sheria ya nchi huhukumu ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, na haya si katika hayo.

Lakini kudai nako kuna adabu zake. Yule kijana wetu alipopiga simu, akajibiwa kuwa mama "amebonyeza mwenyewe", alitaka kumtukana binti aliyeipokea. Binti yule ni mwajiriwa, wala si yeye aliyezikata. Mtume (S.A.W.) alidaiwa ngamia kwa maneno makali, sahaba walipotaka kumkemea mdai aliwazuia, kwa kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamuru alipwe ngamia aliye bora kuliko wake. Huo ni mwendo wa mdaiwa mwema, na kampuni zetu zingefaa kuufuata. Wala haiwi ruhusa kwetu ya kuwatukana watu.

Tulipokuwa twamwandikia barua, mjukuu wake alikiri kuwa huduma ya nyimbo aliitaka yeye, usiku, bibi amelala. Ya nyota akaapa haijui. Majirani wakasema, "Dai zote, kampuni ni tajiri." Mama akajibu, "Za nyimbo ni zetu. Sitaki kumkabili Mola wangu na shilingi 5 za watu."

Ndugu zetu, hili ndilo fundisho. Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa yeye huhukumu kwa ayasikiayo, na mwenye kuhukumiwa haki ya nduguye kwa ufasaha wa ulimi wake amekatiwa kipande cha moto. Utajiri wa kampuni hauihalalishi mali yake.

Barua ikadai shilingi 5 kwa siku 90, yaani 450, na ikataja kuwa jambo hili litapelekwa kwa Mamlaka. Baada ya majuma machache kampuni ilizirudisha shilingi 450 na kuifuta huduma ile. Mama akasema, "Alhamdulillahi," akaenda zake kukanda unga wa kesho.

Subira ni kuthibiti katika njia ya haki mpaka mwisho wake. Mwenye kuketi hajaianza njia hiyo. Basi tudai kilicho chetu, na tuache kisicho chetu.

Wabillahi tawfiq.