Fyuzi niliyoifunga kwa karatasi ya sigara



Vijana wenzangu, leo sina somo la kupangilia. Nina pikipiki ya marehemu baba, na nina jambo ambalo kwa padre nimeshaliungama ila kwenu bado.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125 ya zamani, ile ya betri ya volti 6. Baba alikuwa katekista. Alizunguka nayo vigangoni miaka na miaka, na hapa Katubuka watu waliujua mlio wake kabla hajatokeza. Honda walianza kutengeneza CG mwaka 1976 wakiwalenga watu wa nchi kama zetu, watu wasiokumbuka kubadilisha oili. Kwa hiyo injini yake waliifanya rahisi na ngumu, na leo bodaboda nyingi za Kichina zinatembelea injini za ukoo huohuo. Injini ikikusumbua, spea utapata hata Mwanga sokoni. Kazi iko kwenye bodi na umeme.

Na bodi ya yetu ilikuwa imechoka kweli. Tangi lilikuwa na kutu, madigadi ya mbele imepasuka, kava ya pembeni kushoto haikuwepo kabisa. Baba aliziba pale kwa kipande cha dumu la njano la mafuta ya kula. Yeye hakuona tabu. Mimi niliona aibu, hasa nikiegesha kanisani pembeni ya pikipiki za wenzangu.

Sasa hapo ndipo penye jambo. Nilikuwa mhazini wa vijana parokiani. Tulikuwa tunachangishana hela za sare, kidogo kidogo, na zilikaa kwenye simu yangu. Siku moja fundi akanionyesha tangi la pikipiki ya Kichina, jekundu, linang'aa, pamoja na kava mbili na madigadi. Vyote 140,000. Nikajiambia nakopa tu, mwisho wa mwezi narudisha. Mnajua huo wimbo, mwisho wa mwezi.

Tangi halikukaa sawasawa, maana si la pikipiki ile. Tukalilazimisha kwa bolti ndefu, likakaa. Nikawa kijana wa maana.

Wiki haijaisha, honi ikazima. Indiketa nazo, taa ya breki nayo. Nikafungua kava mpya, nikaikuta fyuzi jirani na betri: kijibomba cha kioo chenye vikombe viwili vya chuma, ndani uzi mwembamba. Uzi umekatika. Nikaweka nyingine, ikakatika siku hiyohiyo. Ya tatu ikafika mpaka kituo cha mafuta tu. Kwenye pikipiki yetu injini haitegemei betri, kwa hiyo unapiga kiki inawaka, unaondoka, mambo yanakwenda. Bila honi, bila breki kuonekana nyuma, lakini yanakwenda.

Jamaa mmoja kijiweni akanipa dawa. Akachukua ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, akaizungushia fyuzi iliyokufa, akairudisha. Honi ikalia! Tukacheka.

Miezi hiyohiyo, kanisani, Jumapili ya kwanza baada ya kuchukua zile hela sikukomunika. Nilibaki kwenye benchi nikijifanya nasali. Ya pili nilijipanga foleni, nikafika katikati nikatoka. Ya tatu nilikomunika huku moyo unadunda. Ya nne nilikomunika na sikuhisi chochote.

Naomba mniruhusu nikae hapo kidogo, kwa sababu wengi tunadhani kutohisi chochote ndiyo amani. Mtakatifu Paulo anamwandikia Timotheo (1 Tim 4:2) juu ya watu ambao dhamiri zao ni kama zimechomwa kwa chuma cha moto. Mahali palipochomwa hapaumi tena. Mi niliposoma hivyo zamani nilifikiri anawasema watu wabaya sana, wauaji huko. Kumbe anaweza kuwa mhazini wa vijana mwenye sauti nzuri ya kwaya.

Kulikuwa na dada mmoja katika kundi letu, kazi yake kuanika dagaa Kibirizi. Michango yake ilikuja mia tano mia tano, tena ikiwa na harufu ya ziwa. Aliniuliza mara mbili: "Kaka, sare zetu zimefikia wapi?" Mara ya kwanza nikamwambia ziko njiani. Mara ya pili nikamjibu vibaya mbele ya watu, kwamba mwenye haraka ashone yake. Hakuuliza tena.

Basi usiku mmoja natoka Ujiji, nimempakia mdogo wangu wa darasa la tano, nikasikia harufu ya plastiki. Kisha moshi, unatoka chini ya tangi, katikati ya mapaja yangu. Tangi lina petroli nusu. Nilimsukuma mtoto mtaroni, nikang'oa kava kwa mikono, nikachomoa waya wa betri. Vidole viwili viliungua. Mtoto alikuwa amekaa kwenye majani ananiangalia, halii, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Kesho yake nikaikokota mpaka Mwanga kwa mzee mmoja fundi wa siku nyingi, anafanyia kazi chini ya mwembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii si ya katekista?"

Akafungua, akaiona ile karatasi iliyoungua. Hakucheka. "Fyuzi ilikuwa inafanya kazi yake," akasema. "Wewe ndiye hukufanya yako."

Kwanza akatoa waya zote zilizoyeyuka, akaunga nyingine. Halafu akanifundisha, na hili hata kama husali lichukue. Mahali pa fyuzi akaunga balbu. Akafungua swichi, bila kupiga honi wala kuwasha indiketa. Balbu ikawaka kwa nguvu, maana yake umeme ulikuwa unavujia kwenye chuma mahali fulani. Akaanza kuchomoa soketi moja moja. Honi, bado inawaka. Taa ya breki, bado. Akalegeza bolti za tangi langu jekundu, akalinyanyua. Balbu ikazima. Hata waya mpya zilikuwa zimeshabanwa palepale, tangi nililolilazimisha likizikandamiza kwenye fremu.

Nilikaa chini. Mzee alidhani ni njaa, akaniagizia chai.

Alinieleza pia kwa nini nambari ya ampea iliyoandikwa kwenye fyuzi si pambo. Balbu ya breki ya wati 18, kwa volti 6, inavuta ampea 3. Waya zina kiasi chake cha kuvumilia, na fyuzi inawekwa iwe dhaifu kuliko waya zote ili ikatike yenyewe kabla hazijaungua. Nikakumbuka 1 Wakorintho 12, pale Paulo anaposema viungo vya mwili vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi. Nimekisikia kifungu hicho kila semina ya vijana. Siku zote nilijihesabu kuwa jicho au mkono. Sikuwahi kumfikiria yule dada wa Kibirizi, ambaye swali lake dogo lilikuwa kitu pekee kilichobaki cha kunisimamisha, na nikalizima.

Jumamosi nikaenda kitubioni. Padre hakunikaripia. Aliniuliza tu, hela utarudishaje? Nilitarajia rozari. Akaniambia nikasome Katekisimu namba 1459: ondoleo linafuta dhambi, lakini madhara tuliyosababisha tunapaswa kuyatengeneza kadiri inavyowezekana, kama kurudisha kilichoibwa. Zakayo naye, Luka 19, alitaja marudisho akiwa bado amesimama.

Kusema mbele ya kundi kulikuwa kugumu kuliko kitubio, siwafichi. Kuna waliotoka nje. Mmoja alinisema hadi nikatamani ardhi ipasuke, na alikuwa na haki. Yule dada nilimwomba msamaha kwa jina, mbele ya walewale nilipomjibu. Alitikisa kichwa tu, sijui kwa kukubali au kwa kunisikitikia.

Tangi jekundu nimeliuza. La baba nimelisugua kutu, limerudi, na kipande cha dumu la njano kimerudi. Fyuzi ni ya nambari yake.

Daftari la hela analo yeye sasa, vijana walimchagua. Kila Jumapili baada ya Misa nampelekea elfu kumi, anahesabu mara mbili, anaandika, ananisainisha. Zimebaki elfu hamsini. Mniombee.